Daktari Anapofikiria Kuvua Koti Jeupe

Nchini Tanzania, kijana anayejiunga na chuo kikuu kusomea udaktari wa binadamu hutumia miaka 5 kati ya darasa na wodi, kisha mwaka 1 wa utarajali, ndipo apate leseni ya kutibu bila kusimamiwa. Akitaka kuwa daktari bingwa, huongeza miaka isiyopungua 3 ya shahada ya uzamili. Ni safari ndefu, inayogharimiwa na wazazi na walipakodi, na vilevile, kwa namna isiyoandikwa katika hesabu yoyote, na wagonjwa waliokubali kupimwa na mikono iliyokuwa bado inajifunza.

Ndiyo maana daktari anaposema kwamba anataka kuacha kutibu, wanaomsikia hushtuka. Wazazi huuliza ni laana gani imeingia nyumbani. Baadhi ya wenzake humwona msaliti, na baadhi humwonea wivu kimyakimya. Kwa miaka ambayo nimefundisha madaktari wanaosomea ubingwa, swali hili limenifikia mara nyingi, na karibu kila mara huulizwa mlango ukiwa umefungwa: "Dokta, hivi mtu akiacha kutibu, anaweza kufanya kazi gani?"

Makala haya yanalijibu swali hilo hadharani, mbele ya wahudumu wa afya na wagonjwa kwa pamoja, kwa kuwa jibu lake linawagusa wote. Hoja yangu ni kwamba daktari huyo angeanza kwa kujiuliza anakimbia nini, kisha ndipo aulize aende wapi. Anayeanza na swali la pili mara nyingi huhama na mzigo uleule mgongoni.

Tunakimbia nini?

Neno "nimechoka" likitoka kinywani mwa daktari linaweza kubeba mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni uchovu wa kikazi. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaueleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Hali hiyo ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuitazama kwa kejeli, na kupungua kwa ufanisi. Daktari ambaye zamani alimwita mgonjwa kwa jina, na sasa anamwita "kitanda namba sita", huenda ameingia katika sura ya pili bila kujua.

WHO haikuiweka hali hii katika kundi la magonjwa, bali imeitaja kuwa jambo linalohusu kazi. Hilo lina maana kubwa kwetu, kwa kuwa linatuelekeza kutafuta chanzo kazini kwanza: katika ratiba ya zamu, idadi ya wagonjwa kwa daktari mmoja, vifaa vinavyokosekana, malipo yanayochelewa na kiongozi asiyesikiliza. Mwenye uchovu wa aina hii anaweza kupata nafuu kwa kubadilishiwa mazingira pasipo kubadili taaluma. Nimemwona daktari wa usingizi aliyekuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi akirudi katika hali yake baada ya zamu za usiku kugawanywa upya, naye akapewa likizo ambayo hakuwa ameichukua kwa miaka miwili.

La pili ni ugonjwa. Sonona, wasiwasi uliopitiliza, matumizi ya pombe au ya dawa za usingizi, upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huweza kujificha nyuma ya neno hilohilo. Madaktari tuna desturi mbaya ya kujiandikia dawa wenyewe na kukwepa kukaa upande wa pili wa meza. Mwenzangu mmoja, daktari wa watoto, aliacha wodi akaingia katika ofisi yenye kiyoyozi na saa za kazi zinazojulikana. Miezi michache baadaye alikuwa hapati usingizi, chakula hakimpiti, na haoni faida ya jambo lolote. Ofisi haikuwa na kosa. Alikuwa na sonona tangu alipokuwa wodini, nayo ilitulia alipopata tiba. Leo anaipenda kazi yake ya ofisini, lakini husema kwamba uamuzi ule angeufanya kwa utulivu zaidi kama angetibiwa kwanza. Tunawashauri wagonjwa wetu wasifanye maamuzi makubwa ya maisha wakiwa katikati ya sonona isiyotibiwa, na ushauri huo unatuhusu sisi pia. Mhudumu wa afya anayepata mawazo ya kutaka kufa, kazi yake ya siku hiyo ni moja tu: kumwambia mtu anayemwamini na kwenda hospitali, kama ambavyo angemwagiza mgonjwa wake.

La tatu ni kazi yenyewe. Wapo madaktari wenye afya njema, waliopumzika vya kutosha, wanaofanya kazi mahali pazuri, ambao hata hivyo furaha haiwajii kando ya kitanda cha mgonjwa. Huwajia wanapochambua takwimu, wanapofundisha, wanapoandika, wanapopanga bajeti ya kituo au wanapotafuta sababu ya ugonjwa kuenea katika kata fulani. Milango nitakayoieleza hapa chini ni ya hawa hasa, ingawa wengine nao wanaweza kuipita.

Je, kuondoka ni usaliti?

Mwaka 2016, WHO ilipanga mkakati wake wa rasilimali watu katika afya kwa kutumia kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Nchi nyingi za Afrika zipo mbali sana chini ya kipimo hicho. Daktari mwenye dhamiri hulijua hilo, na hisia ya hatia humfuata hadi kitandani kwake.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili. Katika Tanzania na Kenya wapo madaktari wenye leseni wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira. Nchini Kenya, mgomo wa madaktari wa hospitali za umma ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Miongoni mwa mambo yaliyoleta mvutano mwaka 2024 ni kupangiwa vituo na malipo ya madaktari tarajali. Nchi inaweza kuwa na upungufu wa madaktari wodini na wakati huohuo kuwa na madaktari wasio na kazi mtaani, kwa sababu kinachokosekana ni nafasi zenye fedha ya mshahara. Upungufu huo hauwezi kubebeshwa mabega ya mtu mmoja aliyeamua kubadili njia.

Isitoshe, si kila anayetoka wodini huwatoka wagonjwa. Mwaka 1960, Frances Kelsey, daktari na mtaalamu wa dawa, alikuwa mgeni kabisa katika kazi ya kupitia maombi ya usajili wa dawa katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mwezi Septemba alikabidhiwa ombi la dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, iliyokuwa tayari ikiuzwa katika nchi nyingine. Kampuni ilimsukuma aharakishe. Yeye aliona kwamba ushahidi wa usalama haukutosha, akaendelea kudai maelezo zaidi. Kabla ya mwisho wa mwaka 1961 ilidhihirika kwamba dawa hiyo, ikitumiwa na mama mjamzito, huharibu viungo vya mtoto tumboni. Duniani kote watoto zaidi ya 10,000 waliathirika. Marekani, ambako dawa hiyo haikupata usajili, iliponea chupuchupu, kwa kuwa daktari mmoja aliyeketi mezani alisoma mafaili kwa makini aliyofundishwa kumsomea mgonjwa.

Milango iliyo ndani ya tiba yenyewe

Kabla ya kuvuka kizingiti, inafaa kukumbuka kwamba udaktari una vyumba vingi. Patholojia, radiolojia, mikrobiolojia na huduma za damu salama ni fani za kitabibu ambazo daktari wake huamua hatima ya mgonjwa bila kumhudumia kitandani. Anayechoshwa na msongamano wa kliniki lakini akapenda fumbo la utambuzi wa ugonjwa anaweza kupata nyumba mpya huko. Wapo pia waliochoshwa na kasi ya wodi wakatulia katika tiba shufaa, ambako kuketi na kumsikiliza mgonjwa ndiko kiini cha kazi.

Chumba kingine ni ualimu. Masomo ya msingi ya udaktari, yaani anatomia, fiziolojia, baiokemia na famakolojia, yanahitaji walimu ambao wamewahi kuona ugonjwa kwa macho yao. Mwanafunzi hukumbuka zaidi mzunguko wa damu anapofundishwa na mtu aliyewahi kuupoteza na kuurejesha mikononi mwake. Njia hii hudai shahada ya uzamili, na mara nyingi ya uzamivu, pamoja na subira, kwani kupanda ngazi chuoni hutegemea machapisho.

Afya ya jamii na ulinzi dhidi ya milipuko

Machi 2023, Tanzania ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa wa Marburg katika historia yake, mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na mwezi Juni mlipuko ulitangazwa kwisha. Januari 2025 ugonjwa huo ulijitokeza tena mkoani humohumo, katika Wilaya ya Biharamulo, nao ukadhibitiwa. Mgonjwa wa Marburg huhitaji daktari wa wodini. Kuzuia mgonjwa wa kumi asiwepo huhitaji mtu wa aina nyingine: anayeorodhesha kila aliyemgusa marehemu, anayehakikisha kila mmoja wao anafuatiliwa kwa siku 21, na anayezungumza na wazee wa kijiji kuhusu mazishi bila kuwavunjia heshima.

Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa epidemiolojia. Tangu mwaka 2008, Tanzania imekuwa na programu ya kuwafundisha wataalamu wa epidemiolojia na maabara kwa vitendo, nao hutumwa nyanjani milipuko inapotokea. Kwa daktari mwenye shahada ya uzamili ya afya ya jamii, mlango huu ni mpana. Lakini asidhani kwamba ni kazi ya mapumziko, kwani mlipuko hauchagui sikukuu, na simu ya usiku ipo huku pia.

Utafiti

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa ya mwisho kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Oktoba 2021, WHO ilipendekeza itumike kwa watoto wanaoishi maeneo yenye malaria. Nyuma ya sentensi hizo mbili kuna madaktari waliokaa miaka wakieleza ridhaa kwa akina mama, wakichunguza kila homa, wakiandika kila tukio na kulitetea mbele ya kamati za maadili.

Taasisi kama NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ile ya Ifakara, pamoja na vyuo vikuu vyetu, huajiri madaktari wa aina hii. Utafiti pia hauhitaji kuachana kabisa na wagonjwa. Profesa Julie Makani, bingwa wa magonjwa ya damu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, amejulikana duniani kwa utafiti wa selimundu uliojengwa juu ya kliniki ya wagonjwa wenyewe. Anayependa utafiti ajiandae kwa mambo mawili: kujifunza takwimu kwa dhati, na kuishi kwa ruzuku zenye tarehe ya mwisho.

Udhibiti wa dawa, bima na sheria

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA) ilithibitishwa na WHO mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, kuwa ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti. Katika taasisi kama hiyo daktari hupitia ushahidi wa dawa mpya, huchambua taarifa za madhara zinazotumwa na vituo vya afya, na hukagua majaribio ya kitabibu. Viwanda na kampuni za dawa nazo huhitaji madaktari wa kufuatilia usalama wa dawa baada ya kuingia sokoni.

Upande wa bima nao unakua. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Kila madai yanayolipwa au kukataliwa yanahitaji mtu anayejua tofauti ya matibabu ya lazima na ya ziada. Daktari wa bima hupata lawama kutoka pande mbili: hospitali humwona mbanaji, na mwajiri humwona mlegevu. Anayefanya kazi hiyo kwa haki huwakinga wagonjwa na gharama zisizo na msingi, na pia huukinga mfuko wenyewe usifilisike.

Wapo wachache wanaosoma sheria. Mashauri ya uzembe wa kitabibu, maadili ya utafiti na haki za wagonjwa yanahitaji watu wanaoweza kusoma faili la hospitali na hati ya mahakama kwa ufasaha uleule.

Uongozi

Mganga Mfawidhi wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya ni madaktari ambao kalamu yao huamua kama dawa zitafika kabla ya masika kuharibu barabara. Wengi huingia katika nafasi hizo kwa kuteuliwa, bila mafunzo ya fedha, manunuzi wala usimamizi wa watu. Hapo ndipo mabingwa wazuri hugeuka viongozi wenye hasira. Uongozi ni taaluma, na hustahili kusomewa.

Historia yetu haikosi mifano mikubwa. Leader Stirling, daktari wa upasuaji aliyetumikia hospitali za misheni kusini mwa nchi kwa miaka mingi, alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980. Dk. Hussein Ali Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020, ni daktari. Dk. Faustine Ndugulile alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika Agosti 2024, akafariki Novemba mwaka huohuo kabla ya kushika wadhifa. Mei 2025 alichaguliwa Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa magonjwa ya moyo. Siwataji ili kila daktari aote uwaziri. Ninawataja kwa kuwa wanaonesha kwamba jamii inapompa daktari madaraka, humpa pia kwa sababu ya uaminifu alioujenga kando ya vitanda. Aliyeikimbia wodi mapema mno hukosa mtaji huo.

Takwimu, tehama na kalamu

Vituo vyetu vinazidi kutumia mifumo ya kielektroniki ya kumbukumbu na taarifa. Mfumo uliobuniwa na mtu ambaye hajawahi kuwa zamu humtaka daktari ajaze visanduku ishirini saa nane usiku huku mama akitokwa damu. Visanduku hivyo vitajazwa uongo, na uongo huo utakuwa takwimu ya taifa. Daktari anayejifunza uchambuzi wa data au usanifu wa mifumo huenda asiandike programu bora kuliko mhandisi, lakini atajua ni swali gani lifutwe.

Kalamu nayo ni mlango, ingawa kwa wengi hubaki dirisha. Margaret Ogola wa Kenya, daktari wa watoto na mwandishi wa riwaya ya The River and the Source, iliyopata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika, mwaka 1995, hakuacha kuhudumia watoto wagonjwa ili aandike. Kwa Kiswahili nafasi bado ni kubwa. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa moja ya lugha zake za kazi, lakini mgonjwa wa kisukari anayetaka maelezo sahihi ya insulini kwa lugha yake bado hukutana kwanza na uvumi wa WhatsApp. Kuandika vipeperushi, kutafsiri fomu za ridhaa, kuandaa vipindi vya redio na kuhariri majarida ya afya ni kazi halisi, japo malipo yake peke yake ni nadra kutosha kuendesha nyumba.

Gharama ambazo hazisemwi

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Katika nchi zetu, watumishi wengi wa miradi ya afya, wakiwamo madaktari waliokuwa wamehama kutoka hospitali kwa ajili ya mishahara bora, walijikuta bila ajira katika muda wa wiki chache. Kazi ya mradi inaweza kuwa nzuri na yenye manufaa, lakini aiendeaye ausome mkataba hadi tarehe ya mwisho na ajue fedha zinatoka wapi.

Gharama ya pili ni ujuzi. Mkono wa upasuaji hupoa, miongozo ya matibabu hubadilika, na leseni hudai kuhuishwa pamoja na mafunzo endelevu ya kitaaluma. Aliyeacha leseni yake ikafa atakuta mlango wa kurudi umekuwa mwembamba. Wengi waliofanikiwa kuhama wamebaki na kliniki ya siku moja kwa wiki, na hilo limewatunza wao na pia limeitunza hukumu yao ya kitabibu.

Gharama ya tatu ni utambulisho. Katika mitaa yetu "Dokta" ni jina la mtu, wakati mwingine hata la mke au mama yake. Daktari aliyehamia bima ataendelea kugongewa mlango usiku na jirani mwenye mtoto anayeharisha. Ajiandae kujibu bila aibu kwamba sasa anafanya kazi nyingine, na ajue kituo cha karibu cha kumwelekeza, kwa kuwa kutibu kwa mazoea ukiwa umeacha kujisomea ni hatari kwa mtoto huyo.

Kabla ya kuandika barua

Kwa daktari anayefikiria jambo hili, ninashauri utaratibu ufuatao.

1. Chukua likizo yako yote, kisha pima hisia zako upya. Ukirudi na shauku, tatizo lilikuwa uchovu.

2. Nenda ukapimwe na daktari mwingine, mwili na akili. Usijipime mwenyewe.

3. Omba kubadilishiwa kitengo, zamu au kituo kabla ya kubadili taaluma.

4. Tafuta mtu anayefanya kazi unayoitamani, na umwombe akusimulie wiki yake mbaya kuliko zote. Wiki nzuri kila mtu anaijua.

5. Ijaribu kazi hiyo kwa kiasi kidogo: fundisha muhula mmoja, jiunge na utafiti mmoja, andika makala matatu, kaa katika kamati ya dawa ya hospitali yako.

6. Soma mkataba uliousaini ulipofadhiliwa kusoma, na uulizie mafao yako katika mfuko wako wa hifadhi ya jamii kabla ya kuacha kazi.

7. Weka akiba ya kuendesha nyumba kwa miezi isiyopungua 6, na mshirikishe mwenzi wako tangu mwanzo. Uamuzi unaofichwa nyumbani huanza vibaya.

8. Tunza leseni yako.

Waajiri nao wana la kufanya. Mganga Mfawidhi anayepokea barua ya daktari anayeondoka angefaidika kumketisha na kumuuliza, bila vitisho, ni nini kingembakisha. Majibu ya watu watano walioondoka katika idara moja yakifanana, idara hiyo imeshapata utambuzi wa ugonjwa wake bure.

Neno kwa mgonjwa

Wewe unayesoma jarida hili ukiwa mgonjwa, au ukiwa na mgonjwa nyumbani, huenda umewahi kufika kliniki ukaambiwa kwamba daktari uliyemzoea hayupo tena. Kwa mwenye selimundu, kifafa, saratani au shinikizo la juu la damu, habari hiyo si ndogo, kwa sababu daktari huyo alijua ni dawa gani ilikudhuru, na alijua usichoweza kukisema mbele ya watoto wako. Una haki ya kuelezwa ni nani atakayeendelea kukuhudumia. Una haki pia ya kuomba muhtasari wa matibabu yako: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, mzio ulio nao, majibu muhimu ya maabara na tarehe ya kurudi. Uombe ukiwa bado unamwona daktari huyo, na uutunze nyumbani pamoja na kadi yako.

Daktari anayeondoka anadaiwa muhtasari huo hata kama hakuna aliyemwomba. Barua ya kuacha kazi huandikwa kwa ukurasa mmoja na jioni moja. Kuorodhesha wagonjwa wa kudumu, kuandika hali ya kila mmoja, kumkabidhi mwenzako ana kwa ana, na kumwambia mgonjwa kwa kinywa chako kwamba unaondoka na fulani atakupokea, ni kazi ya wiki kadhaa. Itengee muda huo katika notisi yako, na uianze kwa wale wenye dawa ambazo hazipaswi kukatika hata kwa siku moja.